Nukta Nne za Njano

Bwenini, chumba namba 14
4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti lako la kulia limeacha ukorofi, na Mama hajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho siwezi kusema, na sababu ni wewe.

Mama ameniandikia mistari mitatu. Wa kwanza ni salamu. Wa pili unasema umestaafu rasmi. Wa tatu unasema kampuni imekuaga kwa zawadi ya lori la kuchezea. Mstari huo wa tatu niliusoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za maktaba, na nikaurudia kwa sauti.

Lori la kuchezea, Baba. Umelala chini ya malori yao miaka thelathini na mmoja, mgongo ukilowa oili, wakubwa wakipita bila kuona kitu chako chochote isipokuwa nyayo za viatu. Na siku ya kukuaga wanakupa kile apewacho mtoto ili anyamaze mgeni akija. Je, hiyo ni shukrani? Ni nini kama si tusi lililofungwa kwa utepe?

Na wanaotoa zawadi hiyo ni walewale waliomzika Mjomba mara mbili: mara ya kwanza kaburini, mara ya pili katika ripoti ya tume ya ajali, walipoiacha iandike kwamba kaka yake Mama alikufa kwa sababu ya mwendo wa kasi. Mtu ambaye madereva wenzake walimwita Kobe. Mtu aliyepitwa na baiskeli akaipungia mkono. Miaka mitatu imepita na bado siwezi kusoma maneno "uzembe wa dereva" bila kuitupa karatasi mbali.

Ninakuomba, na kama mwana ana haki ya kumwamuru baba yake basi ninakuamuru: lirudishe.

Mwanao,
unayemwita Kipaza

*

Nyumbani
15 Februari

Kipaza wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo. Goti limetabiri mvua wiki nzima na halikupatia hata siku moja, kwa hiyo nimeacha kulisikiliza. Mama yako anakusalimu sana. Anasema hakuandika "la kuchezea" kwa ubaya, ni karatasi ilimwishia.

Unajua kwa nini napenda barua kuliko simu. Kwenye simu wewe unahutubia na mimi napiga makofi. Kwenye barua angalau namaliza sentensi yangu.

Sasa nisikilize. Boksi lenyewe nililiinua nikadhani wamenipa betri ya gari. Nikalifungua, lori hamna. Mna vifuko vyenye namba, na ndani ya vifuko mna chuma. Fremu ya chuma. Ekseli za chuma. Giaboksi yenye gia tatu za shaba, zinashikana kama meno ya mtu mwenye afya. Tairi za mpira wa kweli, zina hata harufu. Plastiki ni taa na vioo tu. Ni lori kamili, dogo mara kumi na nne, na mtu analiunda mwenyewe toka boliti ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha analiendesha kwa rimoti. Boliti nyingine ni kama punje ya mtama. Nimeangusha moja jana, tukaitafuta mimi na mama yako kwa magoti, na goti langu lile likatoa hotuba.

Waliolichagua si wakubwa, mwanangu. Ni mafundi wenzangu. Wakubwa walitia sahihi tu. Na ni aina ileile, rangi ileile, ya lori aliloendesha mjomba wako. Sijui walikumbuka au walisahau. Sikuuliza.

Nimetandika shuka jeupe juu ya meza ya kulia chakula ili kitu kikianguka kionekane. Mama yako ameuliza sisi tutakula wapi. Nikamwambia mapajani. Hakucheka.

Nimenunua pia kichupa cha rangi ya njano. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini ukucha wa gumba langu ni wa njano siku zote, nikakudanganya kwamba nilizaliwa nao. Ni rangi ya kazi. Karakanani kila fundi alikuwa na rangi yake. Ukishakaza nati unaipaka nukta, ili fundi wa zamu inayofuata ajue hiyo imekwisha, asiiguse. Nyekundu, buluu, nyeupe. Njano ilikuwa mimi. Aliyeona njano hakuuliza swali. Naona aibu kukuambia kwamba sikupata cheti chochote maishani ila hicho.

Kwa hiyo silirudishi. Niamuru kingine.

Baba yako

*

Bwenini
23 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na Mama ameshapata mahali pa kulia chakula? Mimi sijambo, na safari hii hata roho haijambo. Keti kabla hujaendelea.

Tume imekubali. Sahihi elfu mbili za wanafunzi, barua tisa, na siku nne za kusimama nje ya lango lao zimetosha kuamsha jalada lililolala: kesi ya Mjomba inasikilizwa upya tarehe 9 Aprili, saa nne asubuhi. Niliposomewa barua ile nilisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza msomaji, na wewe unajua hilo hutokea mara ngapi.

Sasa nakuhitaji. Nimeisoma ripoti yao ya zamani mpaka naiota. Wanasema propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ulichomoka kwenye mteremko, injini ikashindwa kulishika lori, nalo likaporomoka. Boliti nne ndizo huushikilia. Tatu hazikuonekana kamwe. Moja ilikutwa ikining'inia, na nati yake ina nukta ya njano. Basi wakahitimisha: kwa kuwa fundi alikaza, na fundi mwenyewe ameitambua alama yake, propela isingechomoka ila dereva aliitesa kwa kasi. Umeona ufundi wa dhuluma, Baba? Wameuchukua uaminifu wako wakausokota kuwa kamba ya kumnyongea shemeji yako.

Njoo uwaambie ukweli: kwamba wewe ulikaza, na boliti zilizonunuliwa na kampuni zilikuwa takataka. Na lile lori, amri yangu ninaifuta. Liunde upesi. Tutaliweka juu ya meza yao, walione tumbo lake, propela na nati zake nne, waache kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu.

Hotuba yangu inaanza hivi: "Siku niliyofaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu ndiyo siku waliyomuua mjomba wangu. Sidai hapa upendeleo, kwa sababu ukweli hauna mjomba wala baba." Nimeisoma mbele ya wenzangu mara mbili, na mara zote mbili ukumbi umesimama.

Mwanao,
Kipaza

*

Nyumbani
8 Machi

Kipaza wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako alisoma barua yako kwanza, kisha akaketi nje peke yake, kisha akarudi akaniuliza kazi imefika wapi. Tangu siku hiyo shuka langu juu ya meza halina mpinzani. Jioni huja kunishikia tochi. Ameniambia, "Lifanye zuri. Kaka alikuwa hapandi gari chafu."

Nitakuja tarehe 9. Na nitasema nilichokisema zamani, kwa sababu ndicho ninachokijua: njano ikiwepo, imekazwa.

Giaboksi imekaa. Ekseli zote tatu zimekaa. Usukani ulinisumbua siku mbili, nikagundua nimefunga mkono wa kulia upande wa kushoto. Miaka yote ile ya kazi, na kitabu cha maelekezo chenye picha kikanicheka. Kesho nafunga propela, halafu nalivika kichwa, halafu nalijaribu kwenye ile sakafu ya mteremko inayoshuka getini. Mama yako anataka aliendeshe yeye kwanza. Nimemwambia dereva lazima awe na leseni. Amenijibu nimwonyeshe ya kwangu ya rimoti.

Baba yako

*

Nyumbani
19 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimeanza barua hii mara tano.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Nilikuwa nafunga propela. Nilizitia nati nne kwa vidole, nikachukua brashi kwa mkono wa kushoto, nikapaka nukta nne za njano. Nikanyoosha mkono wa kulia nichukue spana. Mama yako akaita kutoka jikoni kwamba bomba limefyatuka na maji yanamwagika. Nilikwenda. Tulihangaika na lile bomba karibu saa nzima. Niliporudi, meza ilikuwa kama nilivyoiacha, na nikaona njano. Aliyeona njano haulizi. Nikalivika lori kichwa, nikatia betri, tukatoka nalo nje.

Lilishuka vizuri hatua kama sita. Kisha kitu kikalia tumboni mwake, propela ikaanguka ikalima sakafu, na lori likaporomoka mpaka ukutani.

Mama yako alisema, "Umelikimbiza mno."

Nikamwambia, "Sikulikimbiza. Lilikuwa linakwenda mwendo wa Kobe."

Nikajisikia nikilisema neno hilo, mwanangu. Nikajitupa chini kwa magoti nikaanza kutafuta nati. Mama yako alidhani nimepatwa na kiharusi.

Nati niliziokota zote nne kwenye mteremko. Hakuna iliyokatika. Zimefunguka zenyewe, safi, na kila moja ina nukta yangu.

Sheria ni kukaza, kufuta, kupaka. Lakini spana huacha grisi, na rangi haishiki juu ya grisi, na kufuta nati mia mbili kwa siku kunakula muda. Kwa hiyo sijui tangu mwaka gani mkono wangu ulianza kupaka kwanza, nati ikiwa bado safi, na kukaza baadaye. Sikuwahi kuwaambia wenzangu. Hata mimi mwenyewe sikujiambia. Haikuwa na madhara, kwa sababu kati ya brashi na spana hapakupita hata pumzi moja. Hakuna aliyewahi kuniita katikati.

Isipokuwa siku moja. Nilikuwa chini ya lori la mjomba wako, kwenye propela. Kipaza sauti cha karakana kikaita jina langu, nikimbie ofisini, kuna simu. Simu hiyo ilikuwa yako. Ulikuwa unanisomea matokeo, somo kwa somo, na mimi nikirudia kwa sauti ili makarani wasikie. Nilitoka ofisini nikicheza. Wenzangu walinibeba. Niliporudi kwenye lori nilitazama chini, nikaona njano, nikatia sahihi, nikampa mjomba wako ufunguo. Katika ndugu, yeye ndiye niliyemwambia kwanza kwamba umefaulu. Alipiga honi kutoka getini mpaka barabarani.

Hakuna aliyenunua boliti mbovu. Na mimi ndiye niliyeiambia tume ya kwanza kwamba zilikazwa. Nilisema kwa moyo mweupe, na kwa moyo huo mweupe nikampa marehemu kosa langu alibebe miaka mitatu.

Simu ile usiitafutie hatia. Mtoto aliyefaulu humpigia baba yake. Brashi ilikuwa mkononi mwangu.

Mama yako bado sijamwambia. Nilitaka wewe ujue kwanza, kwa sababu wewe ndiye utakayesimama mbele yao. Fanya kama ambavyo ungefanya iwapo fundi huyo angekuwa baba wa mtu mwingine.

Baba yako

*

Nyumbani
2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima, maana wiki mbili sijapata mstari wako. Sikulaumu. Nami ningeandikiwa na baba yangu habari kama ile, nisingejua nijibu nini.

Nimemwambia mama yako. Nilimwambia mchana, mlango ukiwa wazi, ili akitaka kutoka atoke. Hakutoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda chumbani, akarudi na picha ya kaka yake, akaiweka mezani kando ya lori. Akaniuliza swali moja: "Kwa hiyo hakuwa na mwendo wa kasi?"

Nikamwambia, "Hakuwa na kasi hata kidogo."

Akasema, "Basi kawaambie."

Hajasema nami neno jingine tangu siku hiyo, isipokuwa chakula tayari. Lakini taa ya lori iliyoteguka kwa kule kugonga ukuta nimeikuta imefungwa. Sikuifunga mimi.

Nati za propela nilizikaza upya nisipake kitu. Kila asubuhi nakuta zimekazwa tena zaidi, na spana imehamishwa mahali.

Nakuja tarehe 9. Nitapanda basi la alfajiri. Kama hutaki tuketi pamoja, nitaelewa.

Baba yako

*

Bwenini
11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kwamba goti lilistahimili safari. Uliondoka kabla sijakufikia kwenye ngazi. Nilikuita, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yangu haikufika.

Lazima nikuungamie, na sitapamba.

Barua yako ya tarehe 19 Machi niliipokea tarehe 22. Niliisoma nikaifunga. Niliisoma tena, nikaona simu ile: kibanda cha karani wa shule, waya mfupi, mimi nikisimama kwa ncha za vidole, nikikusikia ukirudia "Hisabati, alama ya juu" kama mnadi. Ni kumbukumbu yangu bora kuliko zote, Baba. Nilikuwa nikiibeba kila mahali. Sasa nikiigusa inaniunguza.

Kisha nikafanya jambo ambalo nimewashutumu wengine kwalo kwenye majukwaa yote. Nilitafuta njia. Nilijiambia: barua haina shahidi. Nilijiambia: kampuni ina malori mengi mabovu, hata ikibeba kosa moja lisilo lake itakuwa haijaonewa sana. Nilijiambia: mzee amechanganyikiwa kwa huzuni. Ulipoandika kwamba unakuja, nilikwenda kwa katibu wa tume kumwomba anipange niwe wa kwanza, saa nne kamili, nikijua basi lako hufika saa nne na nusu. Nilitaka hotuba yangu itangulie ukweli wako.

Saa nne kamili nilisimama. Nilikuwa na karatasi mkononi na barua yako mfukoni, na barua hiyo haikuwa sehemu ya hotuba. Nikasema: "Siku niliyofaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu ndiyo siku waliyomuua mjomba wangu." Nikanyamaza, kama nilivyozoea, ili neno lizame. Nikaiona ile simu ya matokeo mbele yangu. Ilibaki sentensi ile nyingine, kwamba ukweli hauna mjomba wala baba, na kinywa kilikataa kuitoa. Wakadhani nalia kwa ajili ya Mjomba. Mwenyekiti akaniletea maji. Nilikuwa bado nimeshika bilauri mlango ulipofunguka ukaingia wewe, lori kwapani, karibu nusu saa kabla ya wakati wako.

Ulidhani nimeinamisha kichwa kwa kukuonea haya. Haya ilikuwa yangu.

Ukumbi mzima ulicheka ulipoliweka lori juu ya meza yao, nilisikia. Kisha ukalipindua, ukazifungua nati nne, ukazitia kwa vidole, ukazipaka njano, ukaweka spana chini, ukasema, "Sasa niiteni." Hakuna aliyeelewa. Ukamwambia mwenyekiti, "Niite, bwana. Kama nina simu." Akakuita, kwa aibu, kama mtu anayecheza mchezo wa watoto. Ukaenda mpaka mlangoni ukarudi. Ukawaonyesha nukta. Ukawauliza, "Zimekazwa au hazijakazwa?" Wajumbe watano, wote wasomi, wakatazama njano wakajibu zimekazwa. Ukaliendesha juu ya sakafu mpaka propela ikaanguka miguuni pao. Hakuna aliyecheka tena.

Mimi nimehutubia miaka mitatu, Baba, na hotuba zote hizo hazikusema kilichosemwa na propela ile.

Uamuzi umetoka leo. Maneno "uzembe wa dereva" yamefutwa katika jalada la Mjomba. Wameandika kwamba aliendesha kwa mwendo wa halali, na kwamba aliliegemeza lori kwenye ukuta wa mlima kwa kusudi, ili lisiwafikie watu waliokuwa chini. Jina lako lipo pia, na kosa lako, kama ulivyolieleza. Limeandikwa pia jambo ambalo hukulisema: kwamba kampuni haikuwa na fundi wa pili wa kukagua kazi ya wa kwanza. Hilo nitalipigania, kwa sababu ni kweli. Sitalipigania badala ya lile jingine.

Mwambie Mama nitakuja likizo. Ikiwa mnanitaka.

Mwanao

*

Nyumbani
20 Mei

Kipaza wangu,

Marahaba, mwanangu. Rudisha jina lako kwenye barua, mimi sijalifuta. Hatujambo. Swali la kama tunakutaka mama yako amelijibu kwa kufua mapazia ya chumba chako.

Habari ya katibu na saa nne kamili nimeisoma. Nimeiweka pamoja na kosa langu, zikae jirani, zizoeane.

Basi siku ile halikuwahi. Nilishuka vituo viwili kabla na kuchukua pikipiki, lori nimelikumbatia. Nilijua utaomba kuwa wa kwanza. Nimekulea mimi.

Mafundi watatu walikuja kunisalimu. Wa nne hakuja. Siwezi kumlaumu, rangi yake ilikuwa nyekundu na tulikuwa zamu moja, njano yangu aliiamini miaka yote. Uamuzi wa tume mama yako ameutia kwenye fremu, nyuma ya picha ya kaka yake, si mbele. Anasema hahitaji kuusoma, anahitaji uwepo.

Tangu nirudi kutoka kwenye tume, zaidi ya wiki tano, alizikaza zile nati nne yeye mwenyewe, kila asubuhi kabla ya chai, bila kuniangalia. Sikugusa. Jana alimaliza chai, akaja mezani, akanipa spana. Akasema, "Leo kaza wewe."

Nilizikaza moja moja. Alisimama nyuma yangu mpaka ya mwisho. Kisha akazifuta grisi kwa kitambaa, akachukua brashi, akazipaka yeye.

Baba yako